Mwaka wa Behewa na Ziwa la Chumvi

Neema, binti wa mdogo wangu Makoye, ndiye aliyelipata Behewa. Ilikuwa siku moja baada ya kipaimara chake. Sisi wakubwa tulikuwa tumekaa sebuleni kwa Makoye, Shinyanga mjini, tunakula pilau ya jana iliyopashwa moto, viatu tumeviacha mlangoni, kila mmoja amechoka kwa namna yake. Neema akaja na kompyuta yake ya kupakata, akaiweka mezani katikati ya sahani. "Shangazi," akaniambia, "ile tamthilia mnayoiongeleaga kila mkikutana, ya watu wanaosafiri kwenye behewa, nimeipata. Yote imo humu." Makoye akaacha kula. Mdogo wetu wa mwisho, Milembe, ambaye sasa ni nesi Kolandoto na kwa kawaida hashtuki haraka, akanishika mkono. Kwenye kioo lilikuwepo, behewa moja la treni la zamani, halina injini, limesimama pasipo na reli. Mlango ukafunguka, wakashuka wale watatu: mwanamke mwenye koti jekundu, kijana mrefu mwenye miwani, na msichana mdogo wa nywele fupi. Mbele yao nchi nzima ilikuwa nyeupe.

"Chumvi," Milembe akasema, kama mtu anayemwona jirani yake wa zamani.

Neema akacheka. "Chumvi gani, Shangazi? Hiyo ni theluji. Wako milimani huko Ulaya."

Mimi nilimtazama Baba Mkubwa Jilala, aliyekuwa kwenye kiti cha dirishani, kofia iko magotini, macho amefumba. Ana miaka zaidi ya themanini sasa, akishiba hulala alipokaa. Nikaona heri alale. Ile chumvi ndiyo iliyotuweka sisi watatu pamoja, na yeye ndiye aliyeiamini kuliko mtu yeyote.

Sitaeleza hapa tulivyobaki yatima. Nitaanzia siku ya kuondoa matanga, kule kwa Baba Mkubwa karibu na Mhunze, ukoo ulipokaa kwenye mikeka baada ya kula ili kuamua mambo yetu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeacha shule kidato cha pili. Makoye alikuwa darasa la sita, Milembe la kwanza. Yalisemwa kwa wema, na huo wema ndio ulioniogopesha, kwa sababu mtu mwenye hasira unaweza kumpinga. Makoye angekwenda kwa shangazi yetu Kolandoto. Milembe angebaki Mhunze. Mimi ningetafutiwa mume. Kila mtu alikubali, na wanawake walikuwa wameshaanza kuongea habari za mvua, ndipo nikapiga magoti mbele ya Baba Mkubwa nikasema, "Baba, nipe mwaka mmoja." Akauliza, wa kufanya nini. Nikasema, wa kukaa na wadogo zangu. Alikuwa mtu mrefu, mchache wa maneno, mkulima wa pamba mwenye ng'ombe wake, na alitafuna kipande cha nyama mpaka nikadhani amesahau swali. Kisha akasema, "Mwakani pamba ikishatoka shambani nitakuja mwenyewe kuwaona. Nikiwakuta watatu chini ya paa moja, mnakula, na watoto wanasoma, nitawaacha. Nikikuta vingine, narudi nao, hata mkilia." Nimeishi na maneno hayo miaka yote hii, na mpaka leo nayaona ya haki. Hakuniuliza ningelipata wapi hilo paa.

Paa nililipata upande wa Geita, kwenye kijiji cha machimbo kabla hujafika Buseresere. Mama mmoja aliyeitwa Mama Kulwa alikuwa na banda la video pale. Mapacha wake walikuwa wameshaoa, naye alibaki na banda, jiko, na kicheko kilichosikika hadi kwenye maduara, yale mashimo ambako wachimbaji walishuka kutafuta mawe ya dhahabu. Alinichukua nifagie banda na kupika, na pamoja na kazi akanipa chumba cha nyuma. Chumba kilikwenda na kazi na kazi ilikwenda na banda, na hilo aliniambia siku ya kwanza ili tusije tukagombana. Kilikuwa na kitanda kimoja, mlango wa bati, na ukuta wa mbao ambao ng'ambo yake lilikuwa banda lenyewe. Tulilala watatu kwenye kitanda kile, Milembe katikati. Tulikula ugali wa muhogo na dagaa, na siku Mama Kulwa alipofurahi tulipata kichwa cha sato, ambacho Makoye aligawa kwa haki ya kutisha, macho kwa Milembe, mashavu kwangu, na ubongo kwa "mtu anayesoma darasa la sita." Shule ilikuwa ng'ambo ya barabara. Mambo mawili kati ya matatu niliyoagizwa yalikuwa tayari. Lililobaki ni kuhakikisha lile paa halituponyoki.

Banda lilionyesha mchana, kuanzia saa tisa, zamu ya asubuhi ilipotoka chini. Nje jua linachoma, ndani giza la turubai jeusi, mabenchi, na harufu ya wanaume waliooga kwa maji ya ndoo moja. Filamu nyingi zilikuja na sauti ya mtafsiri imo ndani yake tayari, lakini Mama Kulwa alikuwa amenunua Shinyanga mjini boksi la diski za tamthilia ya kizungu ambazo hazikuwa na mtafsiri, kwa hiyo alikuwa amemwajiri wa kwake. Jamaa huyo alikaa kwenye stuli kando ya televisheni na kipaza sauti, akasema Kiswahili wakati wazungu wanasema chao. Asubuhi moja alisikia kuna rashi, watu wanakimbilia dhahabu mpya mahali pengine, akaondoka hata koti lake akaliacha. Mama Kulwa alinikuta jikoni nikimsimulia Milembe filamu ya juzi, nafanya sauti zote, hata ya mbwa. Akasimama mlangoni akasikiliza hadi mwisho. "Kumbe una mdomo," akasema. "Kesho unakaa kwenye stuli."

Nilimwambia Kiingereza changu ni cha kidato cha pili, na wale wazungu wanaongea haraka. Akasema hata yule aliyeondoka alikuwa hajui. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye siri ya kazi ile. Mtafsiri anatazama uso, mikono, nani kasimama karibu na nani, anakisia, na jambo moja tu haliruhusiwi kwake, nalo ni kunyamaza. Boksi la kwanza lilikuwa rahisi. Behewa lilisafiri kwenye miaka ijayo, kila likifungua mlango kunatokea dude, la chuma au la manyoya, na kazi yangu ilikuwa kusema linakuja, kimbieni, limemshika, limemwachia. Wale watatu niliwabatiza Dada Koti, Miwani na Kadogo, na mpaka leo sijui majina yao halisi. Benchi la mbele alikaa mchimbaji mmoja, Bundala, mwenye sauti kama karasha la kusagia mawe, ambaye kazi yake baada ya kazi ilikuwa kunichokoza.

"Dada Mtafsiri," aliniambia siku ya pili, "huyo jamaa kaongea dakika mbili nzima, wewe umesema 'ndiyo' tu. Mengine umeyala?"

"Mengine alikuwa anakutukana wewe," nikasema kwenye kipaza sauti. "Nimekustahi."

Banda likaangua kicheko, na Bundala akacheka kuliko wote. Kesho yake alikuja na wenzake wanne. Kwa miezi mitatu mabenchi yalijaa, nami nikaanza kumhesabia Baba Mkubwa miezi iliyobaki bila hofu.

Ndipo diski zenye madude zikaisha. Mama Kulwa akaenda tena Shinyanga, akarudi na boksi la pili, na tangu kuliona nilijua lina walakini, kwani kwenye majalada hapakuwa na kitu chochote chenye meno. Muuzaji alikuwa amemweleza kuwa zenye madude watu wamezimaliza, na kwamba hizi ni zilezile za Behewa, wasafiri ni walewale, tofauti ni kwamba zinarudi nyuma tu. Ukifungua mlango unawakuta watu wa zamani, basi. Hakuna dude, hakuna mashine, hakuna taa zinazowaka kijani. Siku ya kwanza niliwaonyesha watu waliovaa nguo ndefu wamekaa mezani. Wakaongea. Wakaingia wengine, wakaongea nao. Mfalme mnene akaugua, wakasimama kando ya kitanda chake, wakaongea.

"Dude liko wapi?" Bundala akauliza.

"Linakuja."

"Limepanda gari gani?"

Halikuja. Siku ya tatu mabenchi yalikuwa na watu kumi na mmoja, wawili kati yao wamelala. Upande wa pili wa kijiji kulikuwa na banda jingine lenye filamu za mateke, na tulisikia kelele zake upepo ukigeuka. Mama Kulwa hakugomba. Alitupakulia matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, akaweka na karanga, akakaa nasi. "Kabula mwanangu," akasema, "mwisho wa mwezi ukifika wakiwa hivihivi, nalifunga banda, naweka muhogo. Na chumba chenu nacho. Muhogo ni mwingi mwaka huu." Milembe akauliza, sisi tutakaa juu ya muhogo? Makoye akamkanyaga mguu chini ya meza. Mimi nilikula matobolwa yangu yote, huku nikihesabu siku za mwezi zilizobaki. Pamba huko Mhunze ilikuwa imeshaanza kupasuka.

Siku iliyofuata nikaweka diski yenye nchi nyeupe. Behewa limesimama, wale watatu wakashuka, na miguu yao ikazama kwenye weupe usio na mwisho. Sikuwa nimewahi kuona theluji, si kwa macho wala kwa filamu. Ningekuwa na muda ningekumbuka somo la jiografia, lakini kwenye stuli hakuna muda, na kilichonijia ni hadithi za bibi yangu za vijana wa Kisukuma waliokwenda kwa miguu hadi ziwa Eyasi kuchota chumvi. Nikasema, "Hapa sasa wamefika ziwa la chumvi. Maji yamekauka, imebaki chumvi tupu, mpaka upeo wa macho." Kwenye kioo wakatokea wanaume wengi na punda wenye magunia, wamejifunika ngozi za wanyama. Nikasema, "Hawa ni vijana wetu. Wamefunga safari kutoka Usukuma. Ngozi wamevaa kwa sababu chumvi inakata mwili." Nilidhani nimewapoteza hata wale kumi na mmoja.

"Babu yangu alikwenda huko," Bundala akasema. Hakuwa akichokoza. "Alirudi na kovu hapa. Ambaye hajaenda chumvini hakuhesabiwa mwanaume."

"Wa kwako alikwenda chumvini," mwingine akajibu kutoka nyuma. "Wa kwangu alikwenda pwani na meno ya tembo. Miezi mitatu kwa miguu. Chumvi ni safari ya watoto."

Hawakutazama tena filamu, walibishana juu yake, nami nikaufuata ubishi wao kwa kipaza sauti. Mtu akisema wapagazi walikuwa wakiimba njiani, basi wale wazungu wenye ngozi nikawaimbisha. Mwingine akisema mpagazi mgonjwa aliachwa kijiji cha jirani na jembe moja la kumlipia chakula, nikatafuta kwenye kioo mtu anayekohoa. Siku ya pili walirudi na watu wao. Siku ya tano wa chumvi walikaa mabenchi ya kulia na wa pwani mabenchi ya kushoto, wanazomeana kama Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma yanayoshindana kwetu baada ya mavuno kuona nani atamwibia mwenzake watazamaji. Msumbwa mmoja kutoka Bukombe, mtu wa kanisani asiyependa kelele, alisimama akauliza kwa upole, "Na sisi Wasumbwa mtatuweka lini?" Akanieleza jinsi wazee wao walivyofuata shaba hadi Katanga. Kesho yake kwenye kioo lilitokea soko la Wazungu la masufuria ya shaba, nikalifanya Katanga, naye akavimba kifua wiki nzima. Mzinza naye akaleta habari za wafua chuma Warongo, waliofua majembe ambayo watu walioa nayo. Nilimpa diski yenye mhunzi.

Hiyo ikawa kazi yetu sote watatu. Asubuhi nilipita kwa akina mama waliokuwa wakiponda mawe, nikiuliza bibi zao walipika nini mume akiwa safarini. Jioni tulikaa chumbani na kusikiliza kupitia ukuta wa mbao, maana wachimbaji walibaki kwenye mabenchi baada ya filamu wakiendelea kubishana, na kila kilichosemwa Makoye alikiandika kwenye daftari la sayansi, kwa kuwa sayansi hakuipenda. Leo anafundisha historia sekondari. Ananiambia kila mwaka kidato cha kwanza huwaanzia kwa kuwaonya kwamba katika somo lake dude haliji. Milembe alikaa nyuma ya televisheni na vikombe viwili vya bati, akigonga kwato za punda, na alikuwa mkali. Nikisahau kuwataja punda aligonga hivyohivyo mpaka nikumbuke. Mama Kulwa aliutafutia muhogo wake stoo nyingine.

Baba Mkubwa alikuja bila kutuma habari. Nilikuwa katikati ya diski ya nchi nyeupe, ambayo watu walikuwa wameiomba kwa mara ya nne, banda limejaa hadi mlangoni, turubai likafunuliwa na jua likaingia pamoja naye, mrefu, na fimbo na kifurushi. Nilimjua kwa kivuli. Sasa fikiria shida yangu. Kwetu msichana hamsalimii baba akiwa amekaa juu ya stuli. Tena mtafsiri hanyamazi. Nikateremka, nikapiga magoti chini kwenye vumbi na kipaza sauti mkononi, nikasema, "Dada Koti anamwona mzee wa msafara anakuja, anapiga magoti, anasema: shikamoo, Baba." Spika ikaitoa sauti hiyo kijiji kizima. Kwenye kioo Dada Koti alikuwa anafunga kamba ya kiatu, yuko goti moja chini, na watu wakaona nimepatia kabisa. Nusu ya banda ikaitikia marahaba. Baba Mkubwa alisimama pale, hajui hao wanaume wote ni wanawe tangu lini, kisha akasema, "Marahaba," polepole, na Bundala akamsogezea nafasi benchi la mbele. Upande wa chumvi.

Nikapanda stuli. Sijui niliyosema dakika zilizofuata. Nilikuwa nikijiona kwa macho yake, msichana wa ukoo wake ndani ya giza na wanaume, anapiga kelele kwenye bomba. Nikasema wapagazi wanakuja, mizigo iko vichwani.

"Begani," sauti ikatoka benchi la mbele.

Nikageuka. Alikuwa ameinamia mbele, mikono miwili juu ya fimbo.

"Mtu wa kwetu hakubeba kichwani," akasema. "Kichwani ni wanawake, na wenyeji wa pwani. Begani. Bega la marehemu babu yako lilikuwa na sugu kama kwato. Tazama hao, wamebeba wapi?"

Nikatazama kioo. Ni kweli, walikuwa wamebeba begani, na mimi mara zote nne sikuwa nimeona. "Begani," nikasema kwenye kipaza sauti. Hata mabenchi ya kushoto yakapiga makofi. Mtu akamuuliza, mzee, wewe unayajuaje, akajibu kuwa chumvini alikwenda mwenyewe akiwa kijana, katika safari za mwisho mwisho, na ziwa linakaa hivyo hasa, weupe mpaka macho yanauma. Bundala akawageukia wote kama aliyeshinda kesi. "Mmesikia? Amefika. Ni hapohapo."

Mwisho wa diski ile wale watatu wanasimama mlangoni mwa Behewa na mzee wa msafara, mwenye ndevu, anawaambia jambo refu, uso mzito, akiwatazama mmoja mmoja, huku akionyesha kidole huko na huko. Siku nyingine zote nilikuwa nimemfanya awaage na kuwatakia safari njema. Siku hiyo nilimwangalia, na maneno yakatoka mengine. Nikasema, "Mzee anasema chakula cha njiani kimepungua. Anasema kwa wema. Kijana ataingia msafara wa kaskazini, mtoto atabaki na mimi, na wewe mwenye koti tutakutafutia watu. Dada Koti anamwambia, Baba, sisi tunakula kidogo. Tumetoka mbali watatu, na njia tumeizoea watatu. Mzee anamtazama." Milembe nyuma ya televisheni aliacha kugonga vikombe. Na hapo, kama kila mara, picha ikakata, maandishi yakapanda, diski ikaisha.

Hakuna aliyesimama. Baba Mkubwa ndiye aliyeuliza. "Mzee aliamuaje?"

Nikasema sijui, ni mpaka diski ya kesho. Huo ulikuwa ukweli mtupu.

"Basi nitalala," akasema.

Alilala kwa mkwe wa Mama Kulwa. Asubuhi nilimpelekea uji, akatembea nami shuleni, akachungulia dirishani mpaka mwalimu akatoka kumuuliza anamtafuta nani. Akaja chumbani, akakitazama kitanda, akaliinua godoro, akalirudisha. Alifungua kifurushi chake. Kilikuwa na michembe ya Mhunze, viazi vikavu vya kutosha watoto wawili safarini, na nilielewa kwa nini alivibeba. Saa tisa alikuwa benchi la mbele kabla ya Bundala, na Bundala, ambaye hakuwahi kumpisha mtu, alimfutia vumbi kwa kofia yake.

Niliiweka diski iliyobaki huku nikiomba. Sikujua ina nini, kwa kuwa ile ilikuwa ya mwisho kwenye boksi na hatukuwahi kuifungua. Behewa likatokea kwenye msitu mahali pengine kabisa, hapana chumvi, hapana mzee. Mlango ukabaki umefungwa kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kustahimili. Akashuka Dada Koti peke yake, akatazama kulia na kushoto. Nikasikia fimbo ikisogea sakafuni. Kisha Miwani akateremka. Kisha Kadogo, anakula kitu.

"Watatu," akasema Baba Mkubwa, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayehesabu ng'ombe wakiingia zizini. Akaegemea ukuta.

Alikaa siku nne. Aliwasahihisha wote, wa chumvi na wa pwani, na siku ya tatu watu wa banda la mateke walikuja kumsikiliza yeye. Alipoondoka michembe ilibaki kwetu yote. Alimwambia Mama Kulwa barabarani, wakisubiri basi, kama mtu anayekabidhi kazi: "Nimewakuta watatu, nawaacha watatu. Ila huyu mkubwa mwambie atazame vizuri kabla hajasema." Mimi nilikuwa nimesimama palepale.

Basi haya yote yalinipitia sebuleni kwa Makoye wakati Neema akisogeza picha mbele, atuonyeshe anavyoelewa Kiingereza. Alifika mlangoni mwa Behewa. Mzee wa msafara alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka, na ndevu zake zilionekana za kubandika. Akaanza yale maneno yake marefu, na mimi nilitaka kumwambia Neema aache, lakini Makoye alikuwa ameshauliza. "Anasema nini hapo?"

Neema akasikiliza, akarudisha nyuma kidogo, akasikiliza tena. "Anasema viatu vinambana," akasema. "Anamlalamikia fundi wa viatu. Anasema fundi huyo ana maduka mawili, moja kule, moja kule, na kote kuwili wasiende. Anachekesha, kumbe. Hii ni sehemu ya kuchekesha."

Milembe ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akaweka sahani chini. Makoye alijifunika uso kwa kanga ya mkewe. Mimi nilicheka machozi yakanitoka, huku nikimtazama kwa wasiwasi yule wa kwenye kiti cha dirishani, kwa sababu macho yake sasa yalikuwa wazi, na sikujua alikuwa ameamka tangu lini.

"Huyo mtoto," Baba Mkubwa akasema, "hajui Kiingereza."

"Babu, mimi nina A," Neema akasema.

"Zima hiyo sauti. Rudisha nyuma mpaka ziwani. Kabula, kaa hapo mwanangu, utafsiri vizuri, siku hizi sisikii sana."

Neema alinitazama, kisha akaizima. Makoye akaniletea stuli ya jikoni. Milembe alikuwa ameshaimwaga chai yote ya vikombe viwili, akavigeuza kwa ajili ya kwato za punda. Behewa likasimama kwenye weupe, wale watatu wakashuka, na kwa mbali msafara ukaanza kutokea, punda na watu. Nilitazama vizuri kabla sijasema, kama nilivyoagizwa. Kisha nikasema wapagazi wanakuja, mizigo iko vichwani, nikangoja.

"Begani," akasema.